Dogo, Unaitwa Nani?

Mrunda wenyewe, mti wa kushikilia mbao za slabu, ulikuwa wa kona ya kulia, upande wa mnazi. Fundi aliyeusimamisha jana yake aliuona mfupi, akautafutia tofali la kuupandishia, na tofali aliloliokota lilikuwa na ufa katikati. Usiku mvua ikanyesha. Asubuhi tulipoanza kumwaga zege, kila karai lililopinduliwa kule juu liliufanya ule mrunda ushuke kidogo, kiasi cha unene wa ukucha, halafu utulie kana kwamba hakuna kitu. Nilikuwa nimechuchumaa hatua tano kutoka pale, nachota maji ya kukorogea. Mara ya kwanza nilidhani ni macho yangu. Mara ya pili nikaacha kopo. Mara ya tatu nikawa nimeshajua, na nikainua ndoo yangu nikaondoka nayo.

Nilikuwa na miaka 19. Nimemaliza kidato cha nne, matokeo bado, nyumbani hela hakuna, nikawa saidia fundi kwenye ghorofa la mtu huko pembezoni mwa Dar es Salaam. Fundi mkuu alikuwa mtu wa makamo na mjuzi wa kweli. Ukuta wake ungeuwekea pima maji popote usiupate na kosa. Lakini siku mbili kabla, kijana mmoja alimuuliza kama ule mchanga haujazidi udongo, akajibiwa mbele ya watu wote: "Wewe umekuja kubeba karai au kunifundisha kazi?" Watu wakacheka. Nami nilicheka. Kesho yake asubuhi, tulipojipanga getini kungoja kuchaguliwa, yule kijana hakuchaguliwa. Hakuna aliyemwambia amefukuzwa. Kibarua cha siku hakina barua ya kufukuzwa; jicho la nyapara linakupita tu, linatua kwa mwenzako.

Saa nne kasoro robo ile kona ikaenda. Ulisikika ubao ukilia, kisha mshindo mzito, mfupi, wa zege bichi likipiga chini. Vijana wawili walikuwa juu yake. Mmoja aliruka akaangukia kwenye chungu ya mchanga, akainuka mwenyewe. Mwingine alikwenda pamoja na mbao, nondo na zege, na tulipomchimbua kwa mikono, mguu wake wa kushoto ulikuwa umegeukia upande ambao mguu haugeukii. Alikuwa amezimia. Tukampakia kwenye pikapu iliyoleta saruji asubuhi ile.

Hospitalini, dirishani, muuguzi alishika kalamu akauliza, "Jina la mgonjwa?"

Fundi mkuu alinitazama. Mimi nikamtazama dereva. Tulikuwa tumefanya kazi na yule kijana wiki tatu, tumekula naye wali maharage kwa mama ntilie kwenye sinia moja, na siku zote tulimwita Dogo. Kwa kweli sisi wote wa umri ule tulikuwa Dogo. Kwenye daftari la malipo la nyapara aliandikwa "Dogo wa pili". Muuguzi alisubiri, akaona hatuna cha kumpa zaidi ya Dogo, akaandika hivyo.

Tukiwa njiani kurudi saiti, mmoja wetu akasema, "Ajali haina kinga." Wote tukaitikia, "Ndiyo hivyo." Niliitikia kwa sauti kuliko wenzangu, na nilipoitikia nilihisi mzigo ukinitoka mabegani. Hakuna aliyekuja kutuuliza tuliona nini. Kesho yake kifusi kilizolewa, mrunda mwingine ukaletwa, nao ulikuwa mfupi, nao ukawekewa tofali.

Miaka mingi imepita na bado naigeuzageuza methali ile. Ina mahali pake. Msibani huwezi kumwendea mama aliyefiwa ukaanza kumweleza habari za breki na mwendo kasi. Unamfunika kwa maneno kama unavyomfunika kwa khanga, na "ajali haina kinga" ni khanga nzuri. Ninachogombana nacho ni pale inapotoka msibani ikaenda kukaa saiti, kiwandani, bandarini, kwenye karakana, na kufanya kazi isiyo yake: kufunga faili kabla halijafunguliwa. Mrunda ule ulikuwa na kinga. Kinga yake ilikuwa kipande cha ubao chenye urefu wa mkono, kilazwe chini ili kigawe uzito kwenye udongo. Vipande vya namna hiyo vilikuwa vimetapakaa saiti nzima. Mama ntilie alikuwa akiviokota kuwashia moto.

Hesabu yake haina ugumu. Zege bichi lina uzito wa takriban kilo 2,400 kwa mita moja ya ujazo. Slabu ikiwa na unene wa sentimita 15, kila mita moja ya mraba inabeba kilo 360 hivi, hujahesabu watu na makarai yao. Mirunda ikisimamishwa mita moja moja, kila mti unachukua mzigo huo na kuuteremsha ardhini kupitia kitako kisichozidi kiganja cha mkono. Fundi mkuu aliyajua hayo, hata kama asingeyataja kwa tarakimu. Mimi sikuyajua, lakini nilikuwa na macho. Yeye alikuwa juu ya slabu, mahali ambapo mrunda hauonekani. Mimi nilikuwa chini, mahali ambapo hauwezi kufichika. Maarifa ya kumwokoa yule kijana yalikuwepo yote pale saiti, yamegawanyika kati ya vichwa viwili ambavyo havikuwa na njia ya kuongea.

Kukosekana kwa njia hiyo hakukuwa kwetu tu. Maneno "utamaduni wa usalama", ambayo siku hizi utayakuta kwenye mabango ya kampuni nyingi, yaliingia katika lugha ya kazi baada ya ajali ya Chernobyl. Mtambo ule wa nyuklia ulilipuka usiku wa tarehe 26 Aprili 1986, na mwaka huohuo kundi la washauri wa usalama wa nyuklia, INSAG, lililo chini ya Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki, liliyatumia katika ripoti yake. Ripoti ile ya kwanza iliwabebesha waendesha mtambo lawama nyingi. Mwaka 1992 kundi lilelile likarudi na ripoti nyingine, likaeleza kwamba kasoro za mtambo wenyewe zilikuwa na uzito mkubwa kuliko ilivyodhaniwa. Fimbo za kuuzima zilikuwa na hitilafu: katika sekunde za mwanzo za kushuka zingeweza kuongeza nguvu badala ya kuipunguza. Hitilafu hiyo ilikuwa imeshaonekana mwaka 1983 kwenye mtambo wa Ignalina, Lithuania. Waliokuwa zamu Chernobyl usiku ule hawakuwa wameielewa hatari hiyo. Haikufikishwa kwao kwa uzito wake. Walibonyeza kitufe cha kuzima wakiamini kinazima.

Kisa hiki huwa kinanirudisha kwenye ile kona ya mnazi, ingawa kimoja ni cha nyuklia na kingine cha mti. Pale kwetu neno la chini halikupanda. Kule neno la juu halikushuka. Na kule, lawama ya kwanza iliwaangukia waliokuwa karibu zaidi na mtambo. Huku pia ni hivyo. Soma magazeti yetu asubuhi yoyote baada ya ajali: chanzo ni uzembe. Uzembe wa dereva, uzembe wa fundi, uzembe wa mfanyakazi ambaye mara nyingi ameshazikwa na hawezi kujibu. Silikatai neno lenyewe, wazembe wapo. Lakini likitamkwa tu, hakuna tena anayeuliza yule dereva alikuwa ameendesha saa ngapi bila kulala, nani alimpangia ratiba, na kama aliwahi kusema breki hazishiki, na aliposema alijibiwa nini.

Si kwamba hatuna sheria. Tanzania Bara ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003, na ina wakala wa kuisimamia, OSHA. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2007. Kila tarehe 28 Aprili dunia huadhimisha siku ya usalama na afya kazini, na Juni 2022 Shirika la Kazi Duniani liliingiza mazingira salama na yenye afya katika orodha ya haki za msingi za mfanyakazi, yakawa sawa na haki ya kuunda chama au ya kutotumikishwa kwa nguvu. Hayo ni mambo makubwa na nayaheshimu. Mkaguzi mmoja mwenye msimamo anaweza kuokoa watu ambao hawatajua kamwe kwamba waliokolewa.

Ila tunaijua pia siku ya mkaguzi ilivyo. Habari inatangulia kabla ya gari lake. Helmeti zinatolewa stoo zikiwa na vumbi, riflekta zinagawiwa, buti zinavaliwa na watu wenye miguu ya kila ukubwa, kamba inafungwa kuzunguka shimo lililokuwa wazi miezi miwili. Jioni vitu vinarudi stoo na kuhesabiwa. Kiswahili chetu cha Tanzania kina jina kwa hali hii, nasi tunalitumia zaidi kwenye siasa na ofisi za serikali: nidhamu ya woga. Mtu anatii kwa sababu anaangaliwa. Naamini hiki ndicho sehemu nyingi za kazi zinachokiita usalama, na kwa kuwa kwa macho kinafanana sana na usalama wenyewe, kinatudanganya kwa muda mrefu. Helmeti iliyovaliwa kwa woga na helmeti iliyovaliwa kwa kujali zinafunika kichwa sawasawa. Tofauti inaonekana siku kijana anapouona mrunda unashuka. Aliyezoezwa kuogopa ataogopa hapo pia, na kitu cha kwanza anachokiogopa ni kufungua mdomo.

Watu wengine huwa wanasema tatizo letu ni malezi. Kwamba tumefundishwa shikamoo mno, mkubwa hakosolewi, mtoto hachangii mazungumzo ya wazee, na kwa hiyo kazi za hatari zitatushinda mpaka tuzipunguze hizo adabu. Nimelifikiria sana, na silikubali. Bibi yangu, ambaye mbele yake hakuna mjukuu aliyethubutu kukaa juu ya kiti yeye akiwa mkekani, aliwahi kupigiwa kelele na mtoto wa miaka sita: "Bibi, usikanyage! Nyoka!" Bibi aliruka. Hakumwuliza yule mtoto shikamoo iko wapi. Alimkumbatia, na jioni kisa kikasimuliwa kwa kila aliyepiga hodi, na shujaa wa kisa alikuwa mtoto. Adabu yetu ilishajua zamani kwamba mbele ya nyoka hakuna mkubwa wala mdogo. Kinachotushinda ni kumtambua nyoka akiwa na sura ya tofali lenye ufa, au waya uliochunika, au nati iliyolegea kwenye ngazi ya kiwandani. Tunamwona mtu anayeonyesha tofali kana kwamba anamnyooshea kidole fundi, wakati amenyoosha kidole kwenye tofali.

Na lugha yenyewe haijatunyima kitu. "Samahani fundi, naomba utazame hapa kidogo." Sentensi hiyo ina adabu yote unayoitaka, na ingetosha kuokoa mguu. Sikuikosa kwa kutoijua.

Wako walioitamka yao, haikutosha. Tarehe 27 Machi 1977, kwenye uwanja wa ndege wa Tenerife, katika visiwa vya Canary, ukungu ulikuwa mzito, na ndege mbili kubwa za Boeing 747 zilikuwa kwenye njia moja ya kurukia bila kuonana. Rubani mkuu wa ndege ya KLM alikuwa mtu wa kuheshimika sana katika shirika lake. Ndiye aliyewafundisha marubani wenzake. Alianza kuikimbiza ndege. Mhandisi wa ndege, aliyekaa nyuma yake, alisikia kitu kwenye redio kilichomtia shaka, akauliza kama ile ndege ya Pan American haijatoka njiani. Rubani mkuu alimjibu kwa uhakika kwamba imetoka. Mhandisi hakuuliza tena. Walikufa watu 583, na mpaka leo hakuna ajali ya ndege iliyoua wengi kuliko hiyo.

Mimi sikuuliza hata mara moja, kwa hiyo sina haki ya kumhukumu mtu aliyeuliza. Ninachokitafakari ni ile nafasi ndogo iliyokuwepo kati ya jibu na kimya. Baada ya ajali ile na nyingine za namna yake, mashirika ya ndege yalianza kufundisha somo jipya, ambalo leo kila rubani wao analipitia: mdogo afundishwe kusema shaka yake na kuirudia isipojibiwa, na mkubwa afundishwe kuipokea. Zingatia kwamba somo ni la wote wawili. Mara nyingi tunawaambia vijana wawe majasiri, tukawaacha wakubwa vilevile walivyo. Huko ni kumtuma mtoto mlangoni kwa mbwa.

Kuna mahali ambapo watu walisema, walisikika, na bado wakafa. Tarehe 23 Aprili 2013, nyufa zilionekana kwenye jengo la Rana Plaza, karibu na Dhaka, Bangladesh. Benki iliyokuwa mle ndani iliwaondoa wafanyakazi wake. Washonaji wa viwanda vya nguo vya ghorofa za juu walitakiwa warudi kesho yake, wengine wakitishiwa mishahara yao. Asubuhi ya tarehe 24 jengo likaporomoka, wakafa watu 1,134. Siku 26 tu kabla ya hapo, Ijumaa Kuu ya tarehe 29 Machi, jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam lilikuwa limeanguka na kuua watu 36, na sisi tulikuwa bado tuna vumbi lake machoni tulipozisikia habari za Dhaka. Methali ya ufa na ukuta tunaifundisha darasa la pili. Mshonaji wa Rana Plaza alikuwa ameuona ufa kwa macho yake. Alichokosa ni uwezo wa kukaa nyumbani siku moja bila watoto kulala njaa. Ndiyo maana maneno matupu ya "toa taarifa ukiona hatari" hayanitoshi. Anayelipwa kwa siku, ambaye nyapara anaweza kumruka kwa jicho tu, umemwandalia nini akishasema?

Sasa niseme habari ya Ifakara, kwa sababu ndiyo iliyonifanya niandike.

Ifakara ni mji wa bonde la Kilombero, mkoani Morogoro, nchi ya mpunga na miwa. Hospitali ya Mtakatifu Francis iliyoko pale ilikuwa moja ya hospitali nane duniani zilizochaguliwa kujaribu orodha fupi ya Shirika la Afya Duniani kwa ajili ya vyumba vya upasuaji. Nyingine zilikuwa Toronto, New Delhi, Amman, Auckland, Manila, London na Seattle. Kazi ilifanyika kati ya Oktoba 2007 na Septemba 2008, ikiongozwa na daktari wa upasuaji Atul Gawande na wenzake. Orodha ilikuwa na mambo 19. Mengi ni ya kawaida kabisa: mgonjwa ni huyu kweli, tunapasua upande gani, dawa ya kuzuia maambukizi imetolewa, pamba na vifaa vimehesabiwa. Lakini kuna jambo moja linalotakiwa kufanywa kabla kisu hakijagusa ngozi, nalo nilipolisoma mara ya kwanza niliweka karatasi chini. Kila aliyemo chumbani ataje jina lake na kazi yake.

Basi. Daktari bingwa ataje, mtoa nusukaputi ataje, muuguzi anayepokeza vifaa ataje, hata yule aliyesimama ukutani kungoja kutumwa. Waliolichunguza jambo hili wameeleza kwamba mtu aliyekwisha kufungua mdomo mara moja mbele ya kundi huona wepesi kuufungua mara ya pili, na ile mara ya pili inaweza kuwa ndiyo ya kusema, "Daktari, pamba moja haionekani." Matokeo ya hospitali zote nane kwa pamoja yalikuwa haya: kabla ya orodha wagonjwa 1.5 kati ya 100 walikufa, baada yake 0.8. Madhara makubwa ya upasuaji yalishuka kutoka asilimia 11 hadi 7. Siwezi kudai kwamba kutajana majina peke yake ndiko kulikofanya hayo. Mambo mengine 18 yalikuwepo. Lakini chumba ambacho muuguzi ana jina si chumba kilekile ambacho yeye ni "sista, lete".

Nikamkumbuka Dogo wa pili. Nikakumbuka lile dirisha la hospitali na kalamu iliyosimama hewani. Tulikuwa tumemnyima jina wiki tatu nzima bila ubaya wowote moyoni, na mtu asiye na jina hatarajiwi kusema, wala akisema neno lake halina mwenyewe. Kwetu jina lina uzito. Mtoto hupewa la babu, huitwa nalo kwa heshima ya babu, na anayemjua mtu kwa jina anajua pia yeye ni mtoto wa nani. Ungewezaje kumwambia mwana wa fulani, mjukuu wa fulani, apande juu ya mbao zilizokaa juu ya tofali lenye ufa? "Dogo" anaweza kuambiwa. "Dogo" hana mama wa kwenda kupelekewa habari.

Kitu kingine tulichonacho na tunakitupa ni hadithi za kuponea chupuchupu. Keti kwa mama ntilie mchana karibu na saiti au gereji yoyote usikilize. Huyu anasimulia jeki ilivyoteleza akatoa kichwa sekunde moja kabla. Yule winchi ilivyokatika waya, mzigo ukapita unene wa kidole kutoka begani. Watu wanashika vifua, wanamshukuru Mungu, na kushukuru ni haki. Halafu sinia linaisha, wanarudi kwenye jeki ileile na waya uleule. Msimamizi anakula ofisini kwake, hizo hadithi hazisikii kamwe. Angekuja akakaa kwenye lile benchi hata mara moja kwa wiki, akala wali, akasikiliza bila daftari na bila kumtafuta wa kumwadhibu, angejua kuhusu hatari za mahali pake kuliko fomu zote anazojaziwa. Lakini siku ya kwanza atakapomkata mtu mshahara kwa sababu ya alichokisikia pale, benchi lile litakuwa kimya mpaka astaafu.

Mwaka juzi nilimjengea mama yangu varanda. Kazi ndogo, slabu ya mita nne kwa tatu, mirunda kumi na kitu. Safari hii mwenye hela nilikuwa mimi. Mikisa nimeikodi kwa siku, vibreta nayo kwa siku, saruji imeshafunguliwa, mawingu yanajikusanya upande wa bahari. Asubuhi kabla hatujaanza niliwaomba tusimame kwa duara, kila mtu aseme jina lake na anafanya nini leo. Waliona ni jambo la ajabu kidogo. Fundi, mzee wa watu, alisema jina lake la ubatizo kwa sauti ya kanisani. Mama naye alijitaja, akasema kazi yake ni chai.

Saa tano hivi, zege likiwa limefika nusu, kijana aliyekuwa akizoa kokoto alikuja akasimama mbele yangu, mikono nyuma. "Samahani mzee. Ule mrunda wa karibu na bomba, naona kama unazama."

Nataka kusema kweli jinsi nilivyojisikia. Nilikasirika. Nilitazama saa, nikatazama mawingu, nikahesabu kichwani bei ya mikisa kwa siku ya pili, na neno lililonijia mdomoni lilikuwa lilelile la yule fundi wa zamani, pamoja na karai lake. Nililimeza. Sikulimeza kwa wema. Nililimeza kwa sababu nilikiona kile kimya cha dirishani. Nikamwambia fundi asimamishe.

Tulikwenda wote kutazama. Bomba lilikuwa linavuja chini kwa chini, udongo umekuwa uji. Fundi akachuchumaa, akagusa kitako cha mrunda kwa kidole, hakusema kitu. Akaagiza mrunda mwingine usimamishwe pembeni kwanza uushike mzigo, akachimba ule uji, akajaza kokoto kavu, akalaza ubao mnene, akaurudisha ule wa zamani na kuugongea kabari. Dakika arobaini. Mikisa ilikuwa inazunguka tupu muda wote huo. Mvua nayo ikaanza kudondoka, tukafunika kwa maturubai, tukaendelea, tukamaliza gizani kwa taa ya gari.

Slabu ile ipo, mama anaanikia mpunga juu yake. Sitajua kamwe kama ingeanguka. Huo ndio ugumu wa kazi hii yote: ajali ambayo haikutokea haina maiti, haina kifusi, haina shahidi, na zile dakika arobaini unazilipia kwa hela halisi. Kila msimamizi mwenye ratiba mkononi anaijua hesabu hiyo, na kila siku anaifanya upya, peke yake, akiwa na mawingu yake.

Usiku ule nilikaa na daftari kwenye ngazi kuwalipa. Yule kijana alipofika zamu yake nilimwongezea kidogo, nikamwambia ni ya mrunda, mbele ya fundi, na fundi akatikisa kichwa kukubali. Kisha nikaanza kuandika jina lake, la kwanza, la baba, la ukoo. Aliinamia daftari kwenye mwanga wa simu, akafuatisha herufi kwa jicho, akaweka kidole chenye saruji juu ya karatasi.

"Hapo mzee umekosea," alisema. "La ukoo linaandikwa kwa L, siyo R."

Nikafuta, nikaandika upya.